Umeambiwa Utafute Muziki wa Harusi: Anzia Hapa

Kwenye kamati za harusi za nyumbani kuna kazi moja ambayo mwanafunzi wa chuo haikwepi. Chakula kinakwenda kwa akina mama, ukumbi anapewa mjomba anayejuana na watu, na kufuatilia ahadi anaachiwa shangazi yule asiyeona haya kumpigia mtu simu saa 3 usiku. Halafu mwenyekiti anafunua daftari, anaangaza macho, anasema: "Muziki tumwachie huyu wa chuo. Vijana ndio wanajua mambo ya sasa." Kikao kinapiga makofi. Wewe unarudi hosteli ukiwa mtu wa muziki, na hujui hata pa kuanzia.

Mimi yalinikuta mwaka jana, kwenye harusi ya dada yangu mkubwa hapa Dar es Salaam. Mwenyekiti alikuwa baba mdogo. Akanikabidhi bajeti ya shilingi 2,500,000 kwa ajili ya muziki, mitambo na MC. Swali likawa lile lile linalogawa kila kamati: DJ au bendi? Nusu ya wajumbe walitaka bendi, eti harusi bila bendi ni kama sherehe ya kumaliza chekechea. Nusu nyingine walisema bendi ni kuchoma hela. Nilisikiliza ubishi ule kwa vikao viwili, nikagundua hakuna hata mmoja aliyeuliza muziki wenyewe utafanya kazi gani usiku ule. Makala hii naiandika kwa ajili yako ambaye zamu yako inakuja. Kwa umri wetu huu, inakuja tu.

Harusi ya binamu

Nilikuwa na sababu ya kuichukulia kazi hii kwa uzito. Miaka miwili kabla, binamu yangu alioa, na familia ikamkodi DJ mwenye jina. Wote tulikuwa tumemwona akifanya kazi kwenye shughuli nyingine na tukamkubali. Siku ya harusi hakuja. Alikuja kijana mwingine na flashi mfukoni, akasema "bosi kanituma." Wakati maharusi wanaingia, wimbo waliouchagua haukupatikana, wakaingia na wimbo mwingine wowote. Hilo tulilisamehe. Watu walicheza, usiku ukaenda.

Jambo ambalo mama yangu hajalisamehe hadi leo ni la babu. Babu mzaa mama alisafiri kwa basi kutoka Muheza, na umri ule, kuja kumpa mjukuu wake nasaha. Alipopewa maiki, ikapiga mluzi. Akaishusha, akaipandisha, ikapiga mluzi tena. Fundi akapunguza sauti mpaka ikawa kama imezimwa. Meza za nyuma, kwa kuwa hazisikii kitu, zikaanza mazungumzo yao. Babu aliongea kama dakika 2, akaona hakuna anayemsikia, akarudisha maiki na kukaa. Mwaka ule ule akafariki. Tunayo video ya ile harusi. Mdomo wake unaonekana ukicheza, na sauti iliyorekodiwa ni ya vijiko na sahani.

Kwa hiyo nilipopewa kazi ya muziki wa dada, mama aliniambia neno moja tu: "Mwanangu, safari hii watu wasikike." Agizo hilo ndilo lililonifundisha kwamba anayekodiwa kwa ajili ya muziki wa harusi amekabidhiwa na maneno ya harusi pia. Kamati nyingi zinamlipa kwa ajili ya nyimbo na kusahau kwamba maneno yanapita kwenye mitambo ile ile.

Anza na ratiba

Kabla ya kumpigia DJ yeyote simu, niliazima ile video ya binamu, nikakaa nayo na kalamu na saa. Sherehe ilianza saa 12:40 jioni, ikaisha saa 6 usiku. Hizo ni dakika 320. Niligawa kila dakika kwa kilichokuwa kinaendelea. Utambulisho, sala, nasaha na maneno ya MC vilikula dakika 110. Kuingia kwa wazazi, kuingia kwa maharusi, shampeni na keki, dakika 60. Chakula, 45. Zawadi, 40. Kucheza muziki kwa uhuru, ule muziki tuliougombania vikao vizima, dakika 65.

Sidai kwamba kila harusi iko hivyo. Fanya hesabu ya kwenu, kwa ratiba ya kwenu. Ila ukiifanya utaona kwamba usiku wa harusi una kazi za aina nne tofauti, na kila moja inadai kitu chake kwa mtu wa muziki.

Kazi ya kwanza ni maneno. Hapa unahitaji maiki safi na fundi mitambo aliye macho. Kazi ya pili ni matukio: wimbo wa kuingia, wimbo wa keki, wimbo wa kufungua muziki. Hapa unahitaji mtu anayebonyeza kwa wakati na kukata kwa wakati, anayetazamana na MC jicho kwa jicho. Kazi ya tatu ni kusindikiza, yaani muziki wa chini wakati watu wanakula. Hapa unahitaji mtu asiyejisikia vibaya kwamba hatazamwi. Kazi ya nne ndiyo kuwachezesha watu, na hapa unahitaji mtu anayejua kusoma ukumbi. DJ au bendi yoyote utakayokwenda kuzungumza nayo, ipime kwa kazi zote nne. Wengi wanaojisifu wanajisifia ile ya nne tu.

Sisi tunaosomea ualimu tunafundishwa kwamba andalio la somo linatangulia zana. Huwezi kununua chati kwanza ndipo uamue unafundisha nini. Ratiba ndiyo andalio la harusi.

DJ na bendi, kila mmoja na mzigo wake

DJ anabeba nyimbo za miaka 60 kwenye kompyuta moja. Anaweza kutoka kwenye rumba la wazee kwenda singeli, kisha amapiano, bila kupumua. Hachoki koo, hahitaji jukwaa kubwa, na wimbo unasikika vile vile watu walivyouzoea redioni. Kwa kazi ya matukio, ambapo unataka wimbo fulani uanze pale pale maharusi wanapokanyaga zulia, DJ hana mpinzani.

Udhaifu wake uko palepale kwenye uwezo wake. Kwa kuwa anaweza kupiga chochote, anaweza pia kupiga anachokipenda yeye. Utamkuta ameinamia kompyuta, hajainua uso kwa nusu saa, anawapigia wazee wa miaka 70 nyimbo za klabu. Akiona hawainuki, anaongeza sauti.

Bendi ni kitu kingine. Kuna watu, kuna jasho, mwimbaji anamwona shangazi anainuka na anarudia kiitikio kwa ajili yake. Anaweza kulitia jina la bibi harusi ndani ya wimbo. Wimbo ukikolea unarefushwa, ukipwaya unakatishwa. Kwenye kazi ya nne, bendi nzuri inaweza kuinua hata watu waliokuja na viatu vinavyobana.

Mzigo wake ni kwamba bendi ni watu wengi. Ili kuelewa kwa nini bei yake inashtua, inafaa kukumbuka bendi zetu kubwa zilivyokuwa zinaendeshwa. NUTA Jazz ilianza mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, ikabadilika jina kadiri chama kilivyobadilika, ikawa JUWATA, kisha OTTU, hadi Msondo Ngoma. Mlimani Park, Sikinde yenyewe, ilianzishwa mwaka 1978 chini ya kampuni ya usafiri na teksi, kisha ikachukuliwa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, DDC, ndiyo maana wazee wanaiita DDC Mlimani Park. Kwa mpango ule, vyombo vilikuwa mali ya mwajiri na mwanamuziki alikuwa na mshahara. Bendi unayoikodi leo kwa harusi mara nyingi haina mwajiri wa namna hiyo. Mpiga gitaa, mpiga besi, mpiga dramu, waimbaji, fundi na dereva wa gari la vyombo wote wanagawana kile unacholipa wewe usiku mmoja. Ukiambiwa milioni 3 na bendi ya watu 9, kabla hujasema ni wezi, gawa kwa 9, toa usafiri.

Halafu bendi inahitaji vitu ambavyo kamati husahau: nafasi ya kukaa na vyombo, muda wa kufunga na kujaribu mitambo kabla wageni hawajaingia, umeme wa uhakika, na mapumziko. Bendi inapopumzika, lazima kuwe na mtu wa kuziba pengo. Kwa hiyo ukikodi bendi kwa usiku mzima, mara nyingi unajikuta unakodi na DJ juu yake.

Kuna na njia za katikati. Kuna mtu mmoja na kinanda na mwimbaji wake, anayepiga midundo iliyorekodiwa na kuimba juu yake. Ni nafuu na kwa wakati wa chakula anatosha kabisa. Kuna wasanii wanaokuja kuimba juu ya wimbo uliorekodiwa tayari na sauti zao zimo ndani. Hilo si kosa, ila ulizeni mapema, msije mkalipia bendi mkaletewa mtu na flashi. Kuna matarumbeta ya kusindikiza msafara wa magari, ambayo ni bajeti nyingine kabisa na mkataba mwingine. Na kuna taarab. Kwa watu wa Pwani taarab na harusi ni ndugu wa siku nyingi. Zanzibar ina Nadi Ikhwan Safaa, kikundi kilichoanza mwaka 1905, na Tanga, kwao mama yangu, ina historia ya Black Star na Lucky Star, vikundi alivyopitia Shakila Saidi. Ukileta taarab jua kwamba inakuja na desturi yake: wanawake watainuka na kwenda kutuza mmoja mmoja, na hilo linakula muda. Liweke kwenye ratiba, usilikatize kana kwamba ni fujo.

Wanaokuja ni akina nani?

Swali la pili baada ya ratiba ni wageni. Chukua orodha ya kadi, kaa na mtu mmoja wa kila upande, mgawanye kwa makadirio: wazee wangapi, watu wa makamo wangapi, vijana wangapi, dini gani, wametoka wapi.

Kwetu ilikuwa hivi. Mama na ndugu zake wa Tanga walitaka taarab. Baba na rafiki zake walitaka dansi, na hapo kulikuwa na ubishi mwingine wa Msondo na Sikinde ambao sikuugusa. Bwana harusi ni wa Mwanza, na sehemu kubwa ya ukoo wake ni walokole. Nilimpigia simu dada wa bwana harusi, kitu ambacho kamati yetu haikuwa imefikiria. Akanishukuru, akasema kwa utulivu: "Mdogo wangu, sisi tunacheza sana. Ila mkituwekea nyimbo za kusifia pombe, mama atatoka ukumbini." Akanitajia nyimbo za injili zenye sebene ambazo upande wao wangeinuka nazo. Simu ile ya dakika 10 ilikuwa na thamani kuliko vikao viwili.

Kutokana na orodha hiyo andika karatasi mbili fupi. Ya kwanza ni nyimbo za matukio: jina la wimbo, msanii, na unapoanzia. Kama maharusi wanataka kuingia kwenye kiitikio, andika dakika na sekunde. Mpe DJ wiki moja kabla, na wewe ubaki nazo kwenye simu na kwenye flashi. Ya pili ni nyimbo ambazo hazitakiwi kupigwa kabisa. Zaidi ya hapo mwachie nafasi. Kumpa DJ orodha ya nyimbo 100 kwa mpangilio ni kumkataza kuutazama ukumbi, na kuutazama ukumbi ndiko unakomlipia.

Kamsikilize mwenyewe

Video za mtandaoni zinaonyesha dakika moja nzuri ya usiku wa saa tano. Mwombe DJ au bendi akuelekeze kwenye shughuli atakayopiga hivi karibuni, na aombe ruhusa kwa wenye shughuli ili usimame nyuma kwa nusu saa. Najua wengi wetu ni wazoefu wa kuzamia, lakini safari hii nenda kwa heshima. Na usiende saa 5 usiku watu wakiwa wameshachangamka, maana saa hiyo kila DJ ni hodari. Nenda wakati wa utambulisho na nasaha. Sikiliza maiki. Tazama kama fundi yupo mezani kwake au yuko nje anavuta hewa. Tazama kama DJ anamwangalia MC. Tazama anafanya nini wimbo ukikataliwa na watu: anabadilisha, au anaongeza sauti?

Mimi niliwasikiliza watatu. Mmoja alikuwa na taa za kupendeza kuliko wote, na alikuwa anaongea juu ya kila wimbo. Wa pili bei ilikuwa nzuri lakini maiki yake ilikuwa inakatika na yeye hana habari. Wa tatu hakuwa na jina kubwa. Mzee mmoja aliyekuwa anatoa neno alishika maiki mbali na mdomo, na kabla hajarudia sentensi, fundi wa yule DJ alikuwa ameshatembea mpaka pale, akamsogezea mkono taratibu, akarudi. Hapo hapo nikajua nimempata.

Kidogo kuhusu mitambo

Huhitaji kusomea uhandisi, lakini mambo matatu yatakusaidia usidanganywe.

La kwanza ni ule mluzi. Maiki inapiga mluzi kwa sababu inasikia sauti yake yenyewe kutoka kwenye spika. Sauti inaingia kwenye maiki, inakuzwa, inatoka kwenye spika, inaingia tena kwenye maiki, inakuzwa tena, mpaka inakuwa kelele. Dawa ya kwanza ni mpangilio: spika zikae mbele ya mahali wazungumzaji wanaposimama, zikitazama wageni, na anayeongea asipite mbele ya spika na maiki mkononi. Dawa ya pili ni mzungumzaji kusogeza maiki karibu na mdomo, ili fundi asilazimike kuikuza sana. Kwenye harusi ya binamu, spika zilikuwa nyuma ya meza kuu, zikimtazama babu mgongoni. Nilikuja kuelewa hivyo nilipoitazama video kwa mara ya tatu.

La pili ni sauti kubwa. Mahali pa wazi, ukienda mbali mara mbili kutoka kwenye spika, sauti inapungua kama desibeli 6. Maana yake, ukitumia spika mbili tu mbele na kutaka meza ya mwisho isikie vizuri, meza ya kwanza inaumia, na meza ya kwanza ndiyo tunayowakalisha wazee. Bora kuwa na spika nyingine ndogo katikati ya ukumbi, zote zikipiga kwa kiasi. Wataalamu wa afya kazini wa Marekani, NIOSH, wanaweka kikomo cha desibeli 85 kwa saa 8, na kila desibeli 3 zikiongezeka muda huo unakatwa nusu. Ukifika desibeli 100, umebakiwa na dakika 15. Programu ya simu ya kupimia sauti si kipimo cha mahakamani, lakini itakupa picha. Wakalishe wazee na watoto wachanga mbali na spika, kwa makusudi, ukiwa na mtu wa mapambo mnapopanga meza.

La tatu ni umeme. Uliza ukumbi una jenereta ya ukubwa gani na inabeba nini. Jenereta ya kVA 5 kwa kawaida inatoa kama kilowati 4 za kutumika. Ikiwa hiyo hiyo inabeba taa, feni, majokofu ya vinywaji na mitambo ya muziki, besi ikianza kudunda utaona taa zinapepesa. Mwombe fundi akuandikie jumla ya wati za vifaa vyake, umpelekee meneja wa ukumbi, wazungumze wenyewe. Ni simu moja tu.

Andikeni

Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 345, haikatazi makubaliano ya mdomo. Shida ya mdomo ni ushahidi. Familia ya binamu haikuwa na karatasi iliyosema nani hasa atakuja, kwa hiyo hawakuwa na la kudai. Karatasi moja inatosha, na iwe na mambo haya: jina la mtu atakayepiga mwenyewe, na nani atakuja akipata dharura; saa ya mitambo kuwa tayari; saa ya kuanza na kumaliza; bei ya kila saa itakayozidi; vifaa vinavyokuja, ikiwemo idadi ya maiki na ya akiba; nani analipa usafiri na chakula cha mafundi; malipo ya awali ni kiasi gani na salio linalipwa lini; na nini kinatokea asipokuja. Malipo yote yawe na risiti au ujumbe wa simu. Uliza pia kama amesajiliwa BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa. Anayefanya kazi yake kwa utaratibu hatachukizwa na swali hilo.

Salio usilimalize kabla ya kazi, na wewe usimcheleweshee baada ya kazi. Nimewasikia madijei wakilalamika kwamba kamati zinavunjwa, pilau la kuvunja kamati linaliwa, na wao bado wanadai. Weka salio kwenye bahasha, mkabidhi mweka hazina, lilipwe usiku ule ule.

Tulivyoamua

Bei tulizopewa zilikuwa hizi: bendi kamili shilingi 3,200,000, ambayo ilikuwa inapita bajeti yote, yule DJ wa tatu na mitambo yake 900,000, kikundi kidogo cha watu 4, kinanda, gitaa, ngoma na mwimbaji wa kike anayeweza taarab na dansi, 1,200,000. Nikapeleka pendekezo kwenye kikao: DJ kwa usiku mzima, kikundi kidogo kwa saa 2, kuanzia chakula. Baba mdogo akabembeleza kikundi kikashuka hadi 1,000,000. MC akachukua 500,000. Ikabaki 100,000 ya usafiri na chakula cha mafundi. Mjumbe mmoja akasema tumewanyima wageni bendi. Mama akamjibu kwamba wageni watakula na mwimbaji anawaimbia, sasa wanataka nini tena.

Kosa langu liko kwenye karatasi. Kwa DJ niliandika saa ya mitambo kuwa tayari. Kwa kikundi niliandika saa ya kuanza kupiga tu. Wakaja saa 2 kasoro, maharusi wako ndani tayari, hakuna nafasi ya kujaribu vyombo. Nyimbo mbili za kwanza sauti ya yule dada ilimezwa na kinanda, na mimi nimesimama pembeni jasho linanitoka. Fundi akairekebisha kadiri wimbo unavyokwenda. Wa tatu ulikuwa wa mwambao, na mama zangu wa Tanga wakaanza kuinuka mmoja mmoja na noti mkononi. Baadaye DJ alipoweka injili yenye sebene, meza za Mwanza zikahama zote. Nilimwona mama yangu amevutwa mkono na mama wa bwana harusi, wanacheza nyimbo ambazo mama hazijui.

Ila kabla ya hapo, wakati wa nasaha, bibi alipewa maiki. Ni mjane wa babu, naye alikuja kutoka Muheza. Fundi akasogea, akamwonyesha pa kushika. Bibi akasema, "Mnanisikia huko nyuma?" Meza za mwisho zikajibu kwa pamoja kwamba tunakusikia, bibi. Akaongea dakika 6. Alianza na yale ambayo babu alitaka kumwambia mjukuu wake mwingine, kwa sababu walikuwa wameyapanga pamoja nyumbani kabla ya safari ile.

Video tunayo. Kila neno linasikika.